Mpira wa kuvuta unaokaa kwenye droo: ulikonifaa na ulikonishinda

Nianze na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda. Seti ya mipira ya kuvuta, yaani mirija ya mpira yenye vishikio ya kufanyia mazoezi, ni kifaa kizuri kwa mtu anayeshinda kitini, ila si kwa sababu zinazoandikwa kwenye boksi. Boksi langu linadai kwamba nimenunua jimu nzima. Uongo. Nimenunua kona moja tu ya jimu, ile ambayo ofisi haina. Bahati nzuri, kwa watu wa kiti kona hiyo ndiyo tunayoihitaji kuliko zote.

Mimi ni mchora ramani za majengo. Nashinda mbele ya skrini mbili, mkono wa kulia kwenye kipanya, shingo imetangulia, mabega yamejikunja. Zamani nilikuwa mtu wa kukimbia. Kazi ilipokolea mbio zikaisha, na suruali ndizo zilizoanza kunisema kabla ya mizani. Nilipotaka kurudi kwenye mazoezi nilijijua: mtu wa kutoka kazini akaenda jimu jioni mimi siye. Nikifika nyumbani nimefika. Basi nikakata shauri kwamba yatakayofanyika yafanyike humo humo kazini, na nguo hizo hizo za kazi, kidogo kidogo.

Hili la kidogo kidogo si kujibembeleza. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na juu yake siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli mikubwa ya mwili. Miongozo ya 2010 ilikuwa na sharti kwamba mazoezi ya pumzi yasipofika dakika 10 mfululizo hayahesabiwi. Sharti hilo limeondolewa. Kwa hiyo ukipanda ngazi kwa dakika tatu, dakika zako tatu zimeingia.

Sasa, mambo mengi unaweza kuyafanya ofisini bila kununua chochote. Kiti kisicho na magurudumu kinatosha kwa mapaja: kaa, inuka bila kujisaidia kwa mikono, shuka tena taratibu, makalio yakigusa kiti tu unainuka. Meza nzito iliyoegemea ukuta inatosha kwa pushapu za kuinama. Ukizizoea unatafuta kitu kifupi zaidi, mwisho unafika sakafuni. Kusimama kwa ncha za vidole unaweza hata ukiwa unaongea na simu, na wa upande wa pili asijue. Lakini hebu itazame hiyo orodha. Yote ni kusukuma. Unasukuma sakafu, unasukuma meza. Hakuna hata zoezi moja la kuvuta. Na mtu ambaye mabega yake yamekuja mbele kwa miaka, halafu akaanza kupiga pushapu peke yake, anaendelea kufanyia kazi kifua huku mgongo ukibaki umelala vile vile.

Jimu wanavuta kwa mashine za nyaya, au wananing'inia kwenye bomba. Ofisini utaning'inia wapi? Fremu ya mlango haikujengwa kwa kazi hiyo, na nasema kama mtu anayezichora. Hapo ndipo mpira unapoingia.

Seti yangu ina mirija mitano ya mpira ya rangi tano, vishikio viwili vyenye sponji, vitanzi viwili vya kufunga miguuni, kitanzi cha mlangoni, na mfuko wa kubebea. Kila mrija una pete ya chuma kila ncha, na vishikio vina kulabu za kubana zenye springi, kwa hiyo unaweza kuunganisha mirija miwili kwenye kishikio kimoja. Kulabu zenyewe ni za chuma, zinafunga kwa mlio mkavu, sina malalamiko nazo. Sponji za vishikio zinazunguka zunguka mkononi, jambo linalokera jasho likianza. Vitanzi vya miguu sijavitumia; sina nia ya kuonekana nimefungwa kwenye mguu wa meza wakati mteja anaingia.

Kuhusu rangi, usimwamini mtu anayekwambia "chukua nyekundu". Kila kiwanda kina mpango wake. Nyekundu ya seti moja ni nyepesi, ya seti nyingine ni ya kati. Kwangu njano ndiyo laini kuliko zote na nyeusi ndiyo ngumu. Pia kuna kilo zilizochapishwa kwenye kila mrija. Hizo zisome kwa tahadhari. Chuma cha kilo tano ni kilo tano kikiwa chini na kikiwa juu. Mpira haufanyi hivyo: ukianza kuuvuta ni mwepesi, na kadiri unavyorefuka ndivyo unavyokaza. Namba waliyoiandika ni ya urefu fulani wa kuvutwa, na kwenye boksi langu hawakuandika ni urefu gani.

Tabia hiyo ya mpira ina faida kwenye mazoezi fulani na hasara kwenye mengine. Ukisimama juu yake na kuchuchumaa, inakufaa, kwa sababu mtu ana nguvu zaidi akikaribia kusimama, na hapo ndipo mpira unapokuwa mgumu. Kwenye kuvuta kuelekea mbavuni mambo yanageuka. Mgongo una nguvu mikono ikiwa imenyooka, na unadhoofika viwiko vikishapita kiwiliwili. Kwa maneno mengine mpira unakubana hasa pale ulipo dhaifu. Ndiyo maana utaona mtu anavuta kwa mbwembwe lakini anaishia nusu ya njia. Nusu aliyoiacha ndiyo yenye kazi ya mabapa ya mabega, na ndiyo iliyomleta.

Dawa yake ni kuchukua mrija mwepesi kuliko unavyodhani unastahili, kurudi nyuma hadi uwe umekaza tangu mwanzo, kisha kuvuta mpaka mwisho kabisa na kutulia hapo kidogo kabla ya kurudisha. Wakati wa kurudisha usiuachie ukakuvuta wewe. Urudishe taratibu, kwa hesabu ya moja hadi tatu. Kama mtu anayevuta kasia, nguvu iko mgongoni na mikono ni ya kushikia tu.

Kuhusu kitanzi cha mlangoni nitakaa kidogo, kwa kuwa karatasi ya maelezo imekitolea mistari miwili na picha ndogo isiyoonekana vizuri. Ni mkanda mfupi wa turubai. Upande mmoja una kidonge kinene cha sponji ngumu, upande wa pili una kitundu cha kupitishia mrija. Unakipachika mlango ukiwa wazi, kidonge kinabaki upande wa pili, unafunga mlango, kidonge kinakwama. Swali ni kipachikwe wapi. Jibu langu ni upande wa bawaba, si upande wa kitasa. Upande wa bawaba mlango umeshikwa kwenye fremu kwa skrubu, hauchezi. Upande wa kitasa umeshikwa na ulimi mdogo wa kufuli, na ulimi huo ukichoka mlango unakufuata.

Lililo kubwa zaidi ni upande wa kusimama. Simama pale ambapo mlango unafunguka kwenda mbali na wewe. Hapo ukivuta unazidi kuubana kwenye fremu yake. Ukisimama upande ambao mlango unakufungukia, kila unapovuta unaufungua. Na ufunge kwa ufunguo, kwa sababu kuna watu katika ofisi yoyote ambao hawajawahi kubisha hodi. Mlango wa kioo uache kabisa. Mimi natumia wa stoo ya karatasi: ni wa mbao nzima, una bawaba tatu, na hakuna anayeuhitaji mara kwa mara.

Nikishafunga, nasimama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa nyonga, magoti yamelegea kidogo, kitanzi kikiwa usawa wa kifua. Kabla mikono haijakunja, mabega yanashuka mbali na masikio. Kisha viwiko vinapita karibu na mbavu kwenda nyuma, kifua kinafunguka chenyewe. Kazi inapaswa kusikika katikati ya mgongo. Ukiisikia shingoni, mrija ni mzito au mabega yamepanda, na mara nyingi ni vyote viwili. Unatoa pumzi ukivuta, unaivuta ukirudisha. Usiibane, kwani kubana pumzi huku unakaza misuli kunapandisha shinikizo la damu ghafla, na mwenye tatizo hilo azungumze na daktari wake kwanza kabla hajanunua chochote.

Tatizo la kutojua unavuta uzito gani nililitatua kwa selotepu. Nimebandika vipande sakafuni kutoka mlangoni kuja nyuma, kila kimoja unyayo mmoja kutoka kwa mwenzake. Naanza kipande cha karibu na mlango, kwa mrija mmoja. Nikifika marudio 15 bila kuharibu mkao, wiki inayofuata narudi kipande kimoja nyuma. Vipande vikiisha, nabadili mrija mgumu zaidi na kurudi kipande cha mbele. Bila alama kama hizo unaweza kuvuta mwaka mzima ukiwa pale pale, maana mwili ukizoea mzigo hauna sababu ya kubadilika. Msafishaji aliviondoa mara ya kwanza akidhani ni uchafu. Sasa nimeviandikia namba, na anafagia akivizunguka.

Humo stoo ndimo aliponikuta mama wa masjala, amekuja kuchukua rimu. Siku hiyo nilikuwa sijafunga kwa ufunguo.

"Mwanangu, unagombana na mlango?"

"Hapana mama, navuta mgongo."

Akasimama akaangalia. "Hebu nami nijaribu."

Nikamtolea ule wa njano, nikamwekea kiti ili avute akiwa amekaa. Alivuta vizuri, ila mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na hereni. Nikamwambia, "Mama, mabega yashuke." Akanijibu bila kugeuka, "Haya yamepanda tangu niajiriwe, yape muda." Tangu siku hiyo mrija wa njano uko masjala. Naambiwa wanapokezana, na kwamba wameupata mlango wao.

Nilileta habari hiyo kwa sababu inagusa jambo la maana katika tathmini ya kifaa cha namna hii: mtu wa umri wowote anaanza nacho leo. Hakuna chuma cha kuangukia mguuni, na ukichoka unarudi hatua moja mbele, mzigo unapungua. Pia hakitoi kelele. Mabegani kwa shati la ofisi hakuna tabu, ila koti vua. Tai iingize ndani ya shati, tafadhali.

Ubaya nao upo. Mpira huu ni wa asili, na mpira wa asili unaliwa na jua, joto, mafuta na jasho. Usiutundike dirishani, usiuache kwenye gari, na ukiwa umepaka losheni nawa mikono kwanza. Mrija wangu wa kijani ulianza kuonyesha nyufa nyembamba pale unapoingia kwenye kizibo cha plastiki, karibu na pete. Hapo ndipo mirija hii inapojipinda zaidi kila unapovuta, kwa hiyo ndipo pa kukagua. Uvute kidogo kwa mikono miwili kwenye mwanga: ukiona mistari myeupe au vishimo, biashara imeisha, utupe. Ukikatika ukiwa umekaza unarudi kwa kasi ya kutosha kumtoa mtu jicho, na ndiyo sababu sifanyi zoezi lolote linaloulenga mrija usoni.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu ule wa kijani. Akajibu kwa adabu zote kwamba dhamana inahusu vishikio na kulabu, mirija haimo. Sasa dhamana ya seti ya mipira isiyogusa mipira ni dhamana ya nini? Mwenye mzio wa mpira wa asili naye ajihadhari. Zipo seti za mpira usio wa asili, asome boksi kabla ya kufungua mkoba.

Kitu kingine ambacho mpira haukunipa ni moyo na pumzi. Unaweza kuvuta mpaka mikono itetemeke na bado ukahema ukifika ghorofa ya tatu. Hilo ni la ngazi, na ngazi zina ushahidi wa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet ulinganisho wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Mwajiri mmoja, mabasi yale yale, lakini madereva waliokaa siku nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Linalonifurahisha ni alichofanya baadaye: mwaka 1956 yeye na wenzake walikagua vipimo vya sare, wakakuta madereva walivaa suruali zenye viuno vipana zaidi, hata wale vijana. Yaani huenda sehemu ya tofauti ilikuwepo kabla hawajashika usukani. Mtu anayejihoji hivyo namwamini kuliko boksi langu. Tafiti nyingi zilizofuata, kwa watu wa kazi mbalimbali, zimeelekea upande ule ule: mwili unaosogea unapata nafuu ya moyo. Mimi napanda ngazi, lifti naiachia mizigo.

Mapaja nayo yanashinda mirija hii. Misuli ya miguu ni mikubwa, na hata ule mweusi nikiukanyaga na kuchuchumaa nasikia viganja vinaumia kabla ya mapaja. Kwa miguu nimerudi kwenye kiti, na sasa nainukia mguu mmoja, mwingine ukigusa sakafu kwa kisigino tu. Hilo ni bure na ni gumu kuliko linavyoonekana.

Na kitambi? Hakitoki kwa kuvuta mpira. Mazoezi haya ni madogo mno kuchoma kiasi cha maana, na anayekuuzia mrija kwa ahadi hiyo anakuuzia kitu kingine. Kilichobadilika kwangu ni shati: linakaa vizuri mabegani. Shingo haikazi tena ikifika alasiri, nayo sitaki kudai ni mpira peke yake, kwa sababu kila ninapokwenda stoo nakuwa pia nimetoka kwenye kiti na skrini. Nguvu ilikuja mapema kuliko umbo, na hivyo ndivyo inavyokuwa: wiki za mwanzo neva zinajifunza kuamsha misuli iliyopo, misuli yenyewe inanenepa baadaye. Tarajia pia maumivu ya kesho yake na keshokutwa, yale ya misuli mizima kuwa mizito. Hayo ni ya kawaida na yanapungua ukirudia. Maumivu ya kuchoma ndani ya kiungo cha bega ni habari nyingine, hayo simama.

Kabla ya mipira nilijaribu vitu vingine, nitavipitia haraka. Pedali za chini ya meza: magoti yangu yalikuwa yanagonga meza, na zikiteleza zinakwenda kwa jirani. Vile vitanzi vidogo vya mpira vya kuvaa mapajani vinajikunja juu ya suruali ya kitambaa kila hatua. Nyumbani na kaptura sawa, ofisini hapana. Mpira mkubwa wa kukalia badala ya kiti unakufanya ukae vibaya kwa namna mpya. Meza ya kupandisha na kushusha ni nzuri kwa kubadilisha mkao, naitumia, lakini kusimama si mazoezi, na mtu akisimama asubuhi nzima miguu itamwambia.

Ukinunua, fanya hivi. Fungua boksi mbele ya muuzaji. Vuta kila mrija mara mbili ya urefu wake ukiangalia pale unapoingia kwenye kizibo. Bonyeza kidonge cha kitanzi cha mlangoni: kikibonyea mpaka vidole vikutane, kitapenya mlangoni, usikichukue. Kagua kama mshono wa mkanda umerudiwa zaidi ya mara moja. Mfuko wa kubebea hauna maana, droo inatosha, tena droo ya juu, ile unayoifungua kutafuta kalamu, maana kilichofungiwa mfukoni chini ya meza hakitoki.

Mimi nikirudi dukani sitanunua seti tena. Nitachukua mirija miwili ya ugumu wa kati na vishikio visivyozunguka, basi. Njano haitarudi kutoka masjala, na nyeusi tunaitumia kufungia maboksi ya ramani za zamani, kazi inayoiweza vizuri sana.